Karatasi Chini ya Nyuzi

Flint, Michigan
3 Machi 1998

Oleta mdogo wangu,

Hujambo huko Paragould? Huku kwangu theluji bado imekalia paa la gereji kama mgeni asiyejua kuaga. Mgongo unanisumbua, lakini mtu aliyefunga milango ya magari kiwandani miaka thelathini na moja atategemea nini? Goti lako linaendeleaje?

Najua, najua. Usianze. Sikuja kumzika Lowell, na tangu mumeo azikwe ni miaka minne sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilikuwa na sababu, nimezisahau.

Sasa sikia kituko. Kuna kijana amenipigia simu kutoka kwetu Cane Fork, anaitwa Tobin Rusk. Amezaliwa 1969, lakini anapaka nywele mafuta na kukunja suruali ya jinzi kama sisi wa mwaka hamsini na saba. Wanaandaa tamasha la muziki wa rokabili mwezi Juni, pale kwenye nyasi za mahakama, na mtu wanayetaka kumpa heshima ni mimi. Mimi! Kumbe ile santuri yetu ya "Binti wa Jineri" inatafutwa mpaka Ufini. Anasema lile gitaa la katikati ya wimbo, linalopasuka kama bisi kwenye sufuria, vijana wanajifunza kipande kwa kipande. Akaniuliza niliwezaje. Nikacheka tu.

Nilipokata simu nikabaki jikoni nakumbuka. Unaikumbuka redio ya alfajiri, kabla hawajasoma bei za nguruwe? Wewe na mimi masikio yamebandikwa kwenye kitambaa cha spika, sauti tumeishusha ili baba asisikie, na yale magitaa yanaingia mwilini kama homa. Muziki wa kantri wa siku hizi umepakwa sukari mpaka meno yanauma. Hakuna tena mtu anayepiga kama nyumba inaungua.

Hivi lile gitaa la katikati bado unalikumbuka lilivyokwenda? Nauliza tu, kwa mazungumzo.

Kaka yako,
Harlan


Paragould, Arkansas
12 Machi 1998

Kaka Harlan,

Salamu nimezipokea. Goti langu lilipona mwaka tisini na tano. Kinachonisumbua sasa ni jicho, nina mtoto wa jicho na nangoja upasuaji. Ungekuwa unaandika ungejua.

Habari za tamasha nilizijua kabla ya barua yako. Nilizisoma saluni, kichwa kiko ndani ya mashine ya kukausha nywele. Gazeti limeandika kwa herufi kubwa, "Vidole vya Dhahabu vya Harlan Tackett." Nilicheka mpaka msusi akadhani nimeungua.

Nimeona umeandika "santuri yetu". Miaka arobaini na moja, na hii ni mara ya kwanza. Hata kwenye santuri yenyewe hakuna "yetu". Kuna Harlan Tackett peke yake, kwa rangi ya njano.

Eti unauliza kwa mazungumzo! Tumelala chumba kimoja mpaka ukaota ndevu, Harlan. Ulipotaka nusu ya pai yangu ulikuwa unaanza kwa kuisifia nguo yangu. Sema unachotaka.

Ila ujue mapema kwamba gitaa sijaligusa tangu ile Jumapili. Sikulishika nilipoolewa, sikulishika nilipozaa, na Lowell amekufa bila kujua kwamba mkewe aliwahi kujua kupiga chochote. Tukiwa kwenye gari na wimbo ule ukija redioni, nilikuwa namwambia ashushe kioo, nina joto.

Kula vizuri, na uufunge mgongo wako flana.

Dada yako,
Oleta


Flint
2 Aprili 1998

Dada Oleta,

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Pole kwa jicho. Sikujua.

Haya, nasema. Tobin anataka nipande jukwaani nilipige lile gitaa kwa mikono yangu. Binti yangu Glenda ameshaomba likizo na kuwaambia wenzake wote kazini. Ameshona hata shati lenye mabega meusi, kama lile la picha yangu ya zamani. Nimekaa wiki nne na gitaa la kuazima, mlango nimefunga, na sitoki hata na robo yake. Glenda anapita nje ananiambia, "Baba, unajifanya umesahau ili utushangaze, ee?"

Sikusahau. Sikuwahi kuliweza. Tukiwa studio Memphis, wakati baba anaamini tumekwenda kumtazama shangazi Mozelle mgonjwa, nilijaribu mara nne na mara zote nne nikajikwaa. Fundi wa studio akaangalia saa. Wewe ulikuja kushika vitafunwa tu, miaka kumi na saba, soksi nyeupe. Ukasema, "Nipe nijaribu." Ukapiga mara moja. Fundi akasema yamekwisha, twendeni nyumbani.

Hivyo naomba hivi. Nirekodie kwenye kanda, polepole, kidole kwa kidole. Nitajifunza. Hakuna atakayejua. Nitalipiga siku moja tu, halafu yataisha.

Usinifikirie vibaya.

Kaka yako,
Harlan


Paragould
15 Aprili 1998

Kaka,

Mimi mzima. Mvua imenyesha, maua ya dogwudi yamefunguka, na mimi nimekasirika kiasi kwamba nimechoma mkate wa mahindi mara mbili wiki hii.

Unataka nikufundishe kuniibia vizuri zaidi. Angalau mwaka hamsini na saba uliiba bila kuniomba msaada.

Sitaki jina langu kwenye santuri, uelewe hivyo. Lile la jina ningelimeza. Nataka kukukumbusha la Jumapili, maana naona kwenye barua yako umeishia Memphis na kurudi nyumbani kimya kimya, kama mtu aliyeruka dimbwi.

Pale studio hapakuwa na ngoma. Fundi akasema tupenyeze karatasi chini ya nyuzi, gitaa likwaruze, litoe sauti ya ngoma. Hatukuwa na karatasi. Ukatoka kwenye gari na kitabu cha nyimbo cha baba, ukachana ukurasa wa 214, mbele ya macho yangu. Nikasema, "Harlan, hicho cha kanisani!" Ukasema Mungu ana nakala nyingine. Tuliporudi gitaa likafichwa chini ya kitanda changu, kwa kuwa baba alikuwa haingii chumba cha msichana. Na karatasi tukaisahau ndani ya nyuzi, wajinga wawili.

Mama alikuwa anageuza magodoro, akalitoa nje gitaa. Baba akaliona.

Unajua kanisa letu. Halikutaka hata kinanda, sembuse gitaa. Baba akapanda mimbarini, gitaa mkono mmoja na karatasi mkono mwingine, akauliza nani amelichana neno la Mungu ili apige muziki wa vilabuni. Akasema, "Oleta, simama." Nikasimama. Nikakutazama. Ulikuwa benchi la tatu, tai ya kijani, unaangalia viatu vyako.

Desturi ulikuwa unaijua kama mimi. Aliyesimamishwa anabaki wima mpaka mhubiri amwambie kaa, ndipo anahesabika amerudishwa kundini. Baba alihubiri, wakaimba, akafunga ibada, watu wakatoka kwenda kula. Hakuniambia nikae. Nilisimama mle ndani mpaka miguu ikafa ganzi, nje nasikia sahani na watoto wanacheza. Mama akaja akanishika mkono. Jioni baba akalichoma gitaa pamoja na mabua ya pamba. Wiki mbili baadaye wewe ukapanda basi la Michigan, na baba amekufa bila kuniambia nikae.

Nina swali moja. Kwa nini hukusimama? Usiniambie ulimwogopa baba, sote tulimwogopa. Mpaka uwe na jibu la kweli, usiniandikie.

Oleta


Flint
28 Mei 1998

Dada yangu,

Natumaini jicho halijazidi. Mimi niko hai, na zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Nimeandika majibu sita nikayatupa. Yote yalikuwa na baba ndani yake, mkanda wake, sauti yake. Ulinikataza hilo, na ulikuwa na haki, kwa sababu si kweli.

Hili ndilo la kweli. Baba aliposema, "Oleta, simama," nilifurahi.

Nimeliandika, na sasa nalitazama. Nilifurahi. Tangu Memphis nilikuwa nimebeba donge hapa kifuani. Mimi ndiye niliyefanya kazi jineri, nikichambua pamba mwaka mzima nikapata lile gitaa, mimi ndiye niliyejifunza mpaka vidole vikatoa damu, halafu mdogo wangu wa kike, aliyekuwa analiiba kila nikiwa kazini, ananiambia "nipe nijaribu" na kunimaliza mbele ya watu. Fundi wa studio hakuniangalia tena. Aliuliza jina lako, Oleta. Wewe ulikuwa umekwenda kunywa maji. Nikamwambia andika Harlan Tackett, huyu ni mtoto tu, anabahatisha.

Kwa hiyo uliposimama pale kanisani nilisema moyoni, sasa hatapiga tena. Hivyo tu. Kisha nikaangalia viatu, kwa sababu nilijua uso wangu ungenichongea.

Ningependa kukwambia nilijuta siku ile ile. Sikujuta. Nilijuta nikiwa Flint, kwenye baa ya watu wa kwetu, nilipowaambia kwa mara ya kwanza kwamba lile gitaa nililipiga mimi, wakaninunulia bia. Ikapita kooni kama changarawe. Nikanywa na ya pili.

Kanda sitaki tena, na nisamehe kwa kuomba. Nitakwenda Cane Fork, nitapanda jukwaani niseme. Kama utakuja, njoo. Usipokuja, nitasema vilevile.

Kaka yako, kama bado unaliruhusu neno hilo,
Harlan


Moteli, Jonesboro
15 Juni 1998

Oleta,

Sijui uhali gani, maana hukunijibu, na nilichungulia kila kofia ya mwanamke kwenye ule uwanja sikukuona. Nakuandikia kabla sijashika njia ya kaskazini.

Jumamosi nilipanda. Viti mia nne, kambare wa kukaanga, chai ya barafu, Glenda mstari wa mbele na kamera. Nilishika maikrofoni nikasema, "Vidole mnavyovisifu si vyangu. Ni vya dada yangu, Oleta. Mimi nilishindwa mara nne." Wakacheka, Oleta. Wakacheka kwa upendo! Nikarudia taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Tobin akanikumbatia, akaichukua maikrofoni, akasema, "Mnaona unyenyekevu wa watu wa zamani?" Wakashangilia. Nikasema sitanii. Mtu akapaza sauti, "Tunakupenda, Harlan!" Wakanitia gitaa mikononi. Nikasema moyoni, ngoja nipige, wataona wenyewe. Nikapiga, nikaharibu kila kitu. Nikasikia mzee mmoja anamnong'oneza mkewe, "Maskini, mikono imekwishia kiwandani." Wakasimama wote, wakapiga makofi mpaka wengine wakalia.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nimesema ukweli wote, na bado nimeshuka na sifa zako pamoja na sahani yao ya shaba yenye jina langu. Sahani nimeiacha kwenye pipa la taka nyuma ya mahakama. Glenda hanisemeshi. Haniamini, au ameniamini, sijui lipi baya zaidi.

Basi jana, Jumapili, nikaenda kanisani kwetu. Limebaki lile lile, ila sasa wana feni. Watu ishirini na wawili, mchungaji kijana, siwajui. Niliyemtambua ni bibi Verbena Stiles tu, ana miaka themanini na minane, yule aliyekuwa akiketi nyuma ya mama. Nikaketi benchi la tatu. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama. Nikasema, "Mwaka hamsini na saba nilichana ukurasa wa 214. Dada yangu alisimamishwa hapa kwa kosa langu na mimi nikakaa. Nilikaa kwa kupenda." Mchungaji akasema asante ndugu kwa ushuhuda, akatoa wimbo.

Nikabaki wima. Desturi ile hawaijui tena. Waliimba, wakaomba, kijana wa watu akahubiri habari za shukrani huku ananitupia jicho, mkewe akaniuliza kwa kunong'ona kama nahitaji choo. Nikasema hapana, mama. Ibada ikafungwa, wakatoka kwenda kula. Nikasikia sahani. Bibi Verbena alikuwa wa mwisho kutoka, akasimama mlangoni na fimbo yake akinitazama, kisha akaenda zake. Nikasimama mpaka akaja mtu wa kufunga madirisha akaniuliza, "Mzee, umepoteza kitu?"

Hakuna aliyeniambia nikae, na sikustahili kuambiwa. Lakini sasa najua miguu inavyokufa ganzi, na kelele za sahani zinavyosikika mtu akiwa mle ndani peke yake. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi. Siku ile baba aliiangusha sakafuni nami nikaiokota watu walipokuwa wanatoka. Nilikupita huku umesimama, nikainama miguuni pako kuichukua, wala sikukutazama. Imekaa kwenye pochi yangu muda wote huu. Si yangu.

Sitakuandikia tena kukusumbua.

Harlan


Paragould
24 Juni 1998

Kaka Harlan,

Natumaini umefika salama na mgongo haujakusaliti njiani. Jicho langu watalipasua Agosti. Miche ya nyanya imenishinda, imelala chini.

Sikuja kwenye tamasha kwa sababu sikukuamini. Bora nikwambie. Nilidhani utafika pale, utaona watu, na ulimi utakunjika kama zamani.

Bibi Verbena alinipigia simu Jumapili hiyo hiyo, kabla hata hajamaliza pai yake. Hakuwa amenipigia simu maisha yake yote. Akasema, "Kaka yako amesimama mle ndani, na mimi nimeondoka nikamwacha, kama nilivyokuacha wewe." Akalia, mtu mzima yule. Akaniambia kwamba siku ya kutawadhana miguu, kabla ya yale yote, nilimwosha yeye, akahisi ncha za vidole vyangu vya kushoto ngumu kama kokwa. Alijua nilikuwa napiga gitaa. Na baba alipouliza nani amechana, alikuona wewe unavyotoka jasho, akajua tena. Wewe na yeye mlikuwa mnajua, kumbe, na mimi nikajiona mwendawazimu.

Hakuishia kwangu. Jumatatu alimvamia Tobin dukani akamtandika maneno huku akimtikisia fimbo. Alhamisi kijana akaja kwangu, nywele mafuta tupu, kofia mkononi, gitaa mgongoni, mwekundu kama figili. Nikamwambia keti, usiniharibie zulia. Nikaikunja karatasi yako nikaipenyeza chini ya nyuzi. Mungu anisamehe, inatoa sauti nzuri kuliko karatasi ya kalenda, nilijaribu zote mbili.

Nikapiga. Mwanzo vidole havikunijua. Ni laini kama unga, viliota malengelenge mara ile ile. Mara ya tano nikafika katikati, pale panapopasuka, vikakumbuka vyenyewe. Tobin akaanza kulia, nikamwambia acha upuuzi, halafu nikalia mimi. Si kwa furaha. Nililia kwa hasira, kwamba kitu hiki kilikuwa mwilini mwangu muda wote nami nikakizika kwenye kupika na kufua nguo miaka arobaini na moja. Hiyo nakudai, na huwezi kuilipa.

Anataka kuandika upya jina kwenye santuri. Nimemwambia aandike Harlan na Oleta Tackett, kwa kuwa ile sauti ni yako, na siku ile uliimba vizuri, mshenzi wewe. Glenda amenipigia. Anauliza ni kweli? Nimemwambia ni kweli, na kwamba baba yake amesema mwenyewe bila kulazimishwa, kitu ambacho babu yake hakuwahi kufanya. Atakuja kukuona Jumapili. Mfungulie mlango.

Sijasema nimekusamehe. Nikisema leo nitakuwa nadanganya, na uongo umetutosha. Labda litakuja, labda utalisubiri.

Lakini kuna jambo moja ninaweza kulifanya, kwa kuwa baba hayupo, mchungaji yule hajui, na mwenye haki ya kulisema neno lile nimebaki mimi tu. Umesimama vya kutosha. Kaa, Harlan.

Dada yako,
Oleta